Mkono wa Mathe ulipita mtihani wa kliniki, nyumbani ukagoma

Angalia mikono yako sasa hivi. Mmoja umeshika simu unayosomea haya. Mwingine uko wapi? Pengine umeshika kikombe cha chai, ama umeng'ang'ania chuma cha matatu dereva asije akakurusha kwa mwenzako. Hujaufikiria hata kidogo. Unafanya kazi yake tu kimyakimya.

Mathe naye hakuwahi kuufikiria mkono wake wa kushoto kwa miaka 51. Mpaka ile Jumatano.

Alikuwa anauza chapati karibu na steji, hapa Kayole. Saa kumi na moja asubuhi huwa tayari anakanda unga. Siku hiyo nilisikia karai likianguka, nikadhani ni paka. Kutoka nje ya chumba, nikampata amekaa sakafuni, mdomo umeenda upande, mkono wa kushoto unaning'inia kama mkono wa sweta iliyoanikwa. Ananiambia "niko sawa," lakini maneno yanatoka mazito kama ya mtu aliyetoka kung'olewa jino.

Kilikuwa kiharusi. Kama hujawahi kukiona, shika haya matatu: uso kwenda upande mmoja, mkono mmoja kukataa kuinuka, maneno kutotoka sawa. Ukiona hata moja, usimpe maji, usimkande, usingoje kupambazuke. Kimbia hospitali. Kwa kile kiharusi kinacholetwa na damu iliyoganda, dawa ya kuyeyusha hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na si kila hospitali inayo. Sisi tulizunguka sana, tukafika tumechelewa. Tena nikuambie ukweli, Mathe alikuwa na presha, dawa akaziacha kwa sababu "siumwi popote." Presha haiumi. Hiyo ndiyo shida yake.

Mimi nilikuwa mwaka wa pili chuoni, kozi ya kompyuta. Karo ilitoka kwa zile chapati. Huhitaji hesabu ya chuo kujua kilichofuata. Nikarudi keja, nikawa nurse, mpishi na dobi, sista wangu akiwa kidato cha tatu.

Sijaandika haya ndio unihurumie. Nimeandika kwa sababu kuna kitu kimoja nilikosea kwa miezi mitano, nikikosea kwa mapenzi, na nina uhakika kuna mtu anasoma hapa na anafanya kosa lilo hilo kwa buda wake ama shosho wake.

Alama 41

Kila Jumanne tulienda kliniki. Fizio wake alikuwa mama mmoja mtulivu, haongei sana, anakuangalia mikono kabla hajakuangalia uso. Kila baada ya muda fulani alimpa Mathe mtihani. Inua kipande hiki cha mbao ukiweke kwa rafu. Shika gololi kwa kidole na kidole gumba. Mimina maji kutoka bilauri hii hadi ile. Peleka mkono mdomoni. Peleka kichwani. Vipengele vyote ni 19, na aliyekamilika kabisa hupata alama 57.

Mara ya kwanza Mathe alipata 12. Mwezi wa tano akapata 41.

Nilitoka pale kliniki nikijiona kama nimefaulu mimi. Kwa matatu nikampigia sista, "Mathe amepata arobaini na moja!" Nikaanza kupiga hesabu za kibanda, unga, mafuta, lini turudi kwa steji.

Kisha tukafika nyumbani. Mathe akakaa kwa kiti. Mkono wa kushoto akauweka mapajani, ukakaa hapo jioni nzima kama mgeni anayengoja mtu. Alikula kwa kulia. Alishika rimoti kwa kulia. Chupa ya maji aliibana katikati ya magoti, akafungua kifuniko kwa kulia. Mkono uliomimina maji saa nane mchana kliniki, saa mbili usiku haukuweza hata kushikilia chupa.

Ama haukutaka?

Jumanne iliyofuata nikamwuliza fizio. Nilitaka aniambie ile mashine ya kupima imeharibika, ingawa haikuwa mashine. Yeye akanijibu kwa swali: "Nyumbani, nani humkatia nyama?"

Nikasema, "Mimi."

"Nani humfunga vifungo vya blauzi?"

"Sista."

"Nani humfungulia mfereji akioga?"

Hapo nikanyamaza.

Akasema kuna vitu viwili ambavyo watu huchanganya. Kuna uwezo wa mkono, na kuna matumizi ya mkono. Uwezo ni kile mkono unachofanya ukiambiwa na daktari, umekaa wima, meza iko sawa, hakuna haraka. Matumizi ni kile mkono unachofanya ukiwa peke yako, sufuria inachemka na mtoto wa jirani anabisha mlango. Hapo kliniki wanapima cha kwanza. Cha pili kinaishi nyumbani, na nyumbani hakuna anayepima.

Saa mbili za mkononi

Usiku huo nilimaliza bando yangu yote nikisoma. Mimi si daktari, niliacha chuo, lakini kusoma sikuacha.

Kumbe kuna watu wamefanya kazi hii maisha yao yote. Mmoja ni Catherine Lang wa Washington University, mjini St. Louis, Marekani. Njia yao ni rahisi kueleza. Unamvalisha mtu vidude viwili kama saa, kimoja kila mkono, na anaenda nyumbani navyo. Ndani ya kila kidude kuna akselerometa. Usiogope jina, hata simu yako inayo, ndiyo hujua umeigeuza kwa upande ndio utazame video. Kazi yake ni kuhisi mwendo. Sekunde baada ya sekunde inaandika kama mkono umetembea ama umetulia. Mwisho wa siku unajumlisha: mkono huu saa ngapi, na ule saa ngapi.

Kisha unagawanya saa za mkono mgonjwa kwa saa za mkono mzima. Ukipata 1, mikono inafanya kazi sawa. Ukipata 0.5, mgonjwa anafanya nusu ya mwenzake.

Kwanza walipima watu wazima 74 wasio na kiharusi, na matokeo yakachapishwa 2013. Mkono ambao mtu huutegemea zaidi ulitumika takriban saa 9 kwa siku. Mkono mwingine? Takriban saa 8 na nusu. Uwiano wao ulikuwa 0.95.

Hebu rudia hiyo. Mimi nilidhani mkono wa kushoto ni wa kupamba tu, kazi inafanywa na wa kulia. Kumbe wapi! Ukisonga ugali kwa kulia, wa kushoto umeshika mpini wa sufuria isizunguke. Ukikata sukuma wiki, wa kushoto umeyabana majani. Ukifua, ukianika, ukifunga kamba za viatu, ukihesabu noti, yote ni mikono miwili. Mathe kusukuma chapati, ni mikono miwili. Ndiyo maana mtu aliyepooza mkono "usio wa kuandikia" haambiwi ana bahati.

Lakini utafiti ulionikata maini ni mwingine wa timu hiyohiyo, uliochapishwa 2017. Walichukua watu waliokwisha kukaa na kiharusi zaidi ya miezi sita, wakawapa mazoezi ya vitu vya kawaida vya maisha, kushika, kuinua, kupanga, siku 4 kwa wiki kwa wiki 8. Si mchezo, kila kipindi mtu alirudia mazoezi mara 100, ama 200, ama 300. Ukiangalia watu 78 waliopimwa, uwezo wao ulipanda. Mtihani ni ule ule wa alama 57 aliofanya Mathe. Kisha wakaangalia vidude vya mkononi, kuona saa za matumizi nyumbani.

Hazikubadilika.

Yaani mtu anapita mtihani, anapigiwa makofi, anarudi nyumbani na mkono wake uko palepale. Nilisoma hiyo sentensi mara tatu, nikamwangalia Mathe amelala, mkono wa kushoto uko chini ya leso.

Nyani, na mimi

Kwa nini mkono unaoweza haufanyi?

Jibu moja linatoka kwa Edward Taub, mtafiti wa University of Alabama at Birmingham. Miaka mingi kabla hajafika huko, alifanya kazi na nyani waliokatwa mishipa inayoleta hisia kutoka mkono mmoja. Nyani wale waliacha kuutumia mkono huo kabisa. Lakini mkono mzima ulipofungwa, ule mwingine ukaanza kufanya kazi. Kumbe mwendo ulikuwepo. Utafiti wa aina hiyo si wa kufurahia, na mwaka 1981 maabara yake ilifikishwa kortini kwa madai ya ukatili kwa wanyama. Lakini wazo lililotoka hapo lilibaki: mnyama alijaribu mkono siku za kwanza, ukamwangusha, akajifunza kuuacha. Baadaye hata ukipona kidogo, yeye alishazoea kuishi bila huo mkono.

Sasa mrudishe huyo nyani kwa keja yetu. Wiki za kwanza Mathe alijaribu kushika kikombe kwa kushoto, chai ikamwagika mbele ya majirani. Akacheka, lakini macho hayakucheka. Siku ya pili sikumngoja ajaribu. Nikashika kikombe mimi. Siku ya tatu hakujaribu.

Ukizidisha hiyo kwa miezi mitano, unapata kazi niliyoifanya mimi. Ubongo wa Mathe ulikuwa unatafuta njia mpya ya kuongea na ule mkono, na kila ulipotaka kujaribu, mimi nilikuwa nimeshafika na kisu, na kijiko, na "wacha nikufanyie." Niliacha chuo nimsaidie, na msaada wangu ndio uliukalisha ule mkono.

Lakini ngoja, usikimbie sasa kumwambia buda wako kwamba anajifanya. Kuna mikono ambayo kweli haiwezi, kwa sababu sehemu ya ubongo inayoiendesha imekufa, na hakuna moyo wa bidii utakaoifufua. Kuna wagonjwa ambao ubongo wao hausajili kabisa upande mmoja, ni kama upande huo haupo. Kuna uchovu wa kiharusi, ambao si uvivu. Hiyo ndiyo sababu inabidi upime kwanza, kabla hujafungua mdomo.

Kupima ni kugumu kuliko unavyodhani

Mimi mtoto wa kompyuta nikajiona mjanja. Nikaenda Luthuli Avenue nikanunua visaa viwili vya bei rahisi vya kuhesabu hatua. Nikamvalisha Mathe mikono yote miwili. Tukapanda matatu kwenda kliniki, barabara ina mashimo. Tulipofika kisaa cha kushoto kilikuwa kimempongeza kwa kutembea vizuri. Amekaa kwa kiti safari nzima!

Nilicheka, lakini hata vile vya watafiti vina shida za jamaa hao. Ukitembea, mikono inapepea, na kidude kinahesabu. Na kikiwa kwa kifundo cha mkono, hakioni vidole. Ukishika sufuria isizunguke, mkono umetulia tuli na unafanya kazi ngumu, lakini kidude kitasema umepumzika. Ndiyo maana kuna waliojaribu njia nyingine. Huko California kuna timu iliyotengeneza pete yenye sumaku: unavaa pete kidoleni na kidude mkononi, na kidude kinahisi sumaku ikisogea vidole vinapotembea. Huko Toronto kuna wanaomvalisha mgonjwa kamera ndogo kichwani, kisha kompyuta inatazama video na kuhesabu mkono umeshika nini.

Njia nyingine haina kidude. Ni maswali. Timu ya Taub ina orodha ya shughuli 30 za nyumbani. Wiki hii, uliwasha taa kwa ule mkono? Ulifungua droo? Ulifungua friji? Ulipangusa meza? Uliosha mikono? Kwa kila moja mtu anajipa alama kutoka 0 hadi 5. Sufuri ni sikuutumia kabisa, tatu ni kama nusu ya zamani, tano ni kama kabla ya kiharusi.

Nilimwuliza Mathe machache ya hayo, nikibadilisha kidogo, maana kwa orodha yao kuna kula sandwichi na hapa kwetu ni ugali. Nikauliza, "Kupangusa meza?" Akasema, "Nne." Sista, bila kuinua kichwa kutoka kwa homuwaki, akasema, "Moja."

Wakagombana dakika kumi. Hiyo ndiyo shida ya maswali. Mtu anasahau, ama anataka kukufurahisha, ama anajibu kuhusu mkono anaoutaka, si ule alio nao. Lakini pia ndiyo faida yake. Kwa mara ya kwanza tangu kiharusi, kulikuwa na watu watatu kwa keja wakiongea kuhusu mkono wa Mathe kama kitu kinachofanya ama kisichofanya, badala ya kitu cha kusikitikia.

Daftari la mia

Kwa hivyo tukarudi kwa teknolojia ya zamani. Daftari.

Nilimweleza fizio nikitaka kuhesabu, akasema ni sawa, akanipa masharti: chagua saa moja, siku ileile, shughuli za kawaida, na Mathe ajue unahesabu. Usimpeleleze mama yako.

Tukachagua Jumamosi, saa mbili hadi saa tatu asubuhi, wakati wa kuosha vyombo na kufagia. Nilikaa kwa kona na safu mbili: K na S. Kila mkono ukishika, ukisukuma, ukishikilia ama ukifungua kitu, naweka alama. Mikono yote miwili ikifanya pamoja, kila safu inapata alama. Kupepea ukitembea, hakuna alama.

Jumamosi ya kwanza: kulia 140, kushoto 11.

Ukigawanya unapata 0.08. Usiilinganishe na ile 0.95 ya watafiti, maana wao wanahesabu saa za siku nzima na mimi nahesabu vishiko vya saa moja. Lakini huhitaji profesa kusoma 140 kwa 11. Mathe alilishika lile daftari akaliangalia kitambo. Akasema, "Kumi na moja tu?" Kisha, "Na kliniki hunipigia makofi."

Tulikaa na fizio tukapanga, sisi wote wanne. Ndipo nikajua kwamba hata lile tiba linalojulikana la kufunga mkono mzima lina sehemu ambayo watu huisahau. Tiba lenyewe ni hili: mgonjwa anavaa glavu nene kwa mkono mzima muda mwingi wa siku, wiki mbili, huku akifanya mazoezi makali kwa ule mgonjwa. Mwaka 2006 jaribio kubwa la Marekani lenye watu 222, waliokuwa miezi mitatu hadi tisa baada ya kiharusi, lilionyesha kwamba linasaidia kuliko huduma ya kawaida. Lakini si la kila mtu. Waliochukuliwa ni wale ambao angalau wangeweza kuinua kifundo cha mkono na vidole kidogo, kama nyuzi 10. Na kufunga mkono mzima wa mtu anayeyumba akitembea ni kumtafutia kuvunjika nyonga. Usifanye hivyo nyumbani kwa kichwa chako.

Sehemu inayosahaulika ni ile ya kuhamisha mkono kutoka kliniki hadi nyumbani. Mgonjwa anaandika mkataba wa shughuli ambazo mkono mgonjwa utafanya, anaweka sahihi, anaandika kila siku alichofanya, na kila siku anaulizwa yale maswali. Hiyo haihitaji glavu wala mashine. Inahitaji watu wa nyumbani waache ujuaji.

Mkataba wetu ulikuwa wa vitu vitano. Mkono wa kushoto ndio utashikilia beseni vyombo vikioshwa. Ndio utawasha na kuzima swichi ya stima. Ndio utashika dawa ya meno ikifunguliwa. Ndio utabeba taulo. Ndio utafungua mlango wa choo. Vitu vya moto hapana, kwa sababu mkono wa Mathe bado hauhisi joto vizuri, na mtu anaweza kuungua bila kujua. Kisha sharti la mwisho lilikuwa langu na sista: akihangaika, tunahesabu kimoyomoyo hadi kumi na tano kabla ya kusogea.

Kumi na tano ni ndefu sana. Jaribu siku moja. Mama yako anajaribu kufungua kifuniko cha dawa ya meno, vidole vinateleza, anashusha pumzi, na wewe umekaa umeshika magoti yako ndio usiruke. Jirani mmoja alinipata hivyo akaniambia sina huruma. Sikumjibu, nilikuwa nimefika tisa.

Na Mathe mwenyewe si malaika. Wiki ya pili alinitupia taulo, akaniuliza, "Wewe nani amekufanya mwalimu wa zamu?" Kuna siku nilifunga daftari nikamkatia nyama, kwa sababu alikuwa amechoka na mimi pia. Hiyo nayo tuliandika.

Tulipofika

Miezi minne baadaye: kulia 118, kushoto 46.

Nikigawanya napata 0.39. Sitakudanganya, hatujarudi kwa steji. Kusukuma chapati kunahitaji mikono miwili inayobonyeza sawa, na wa kushoto bado unachoka haraka, chapati inatoka na umbo la ramani ya kaunti. Kwa sasa anakanda unga wa chapati kumi, si mia, na anawauzia majirani wa ploti. Chuo sijarudi. Alama za kliniki zimepanda kutoka 41 hadi 44 tu. Mtu akiangalia faili yake hospitalini, hataona kitu kikubwa. Kitu kikubwa kiko kwa daftari la keja.

Nikwambie kitu nilichojifunza kuhusu namba. Ile 41 ilinifanya nijisikie vizuri na haikubadilisha siku hata moja ya Mathe. Ile 11 ilituuma wote, na kesho yake ikatuamsha.

Kwa hivyo kama una mtu nyumbani aliyepatwa na kiharusi, fanya hivi wiki hii. Usiongee, usishauri, usimwonyeshe video za mazoezi. Chukua saa moja tu, mwambie unachofanya, uhesabu. Kisha hesabu pia, kwa safu ya tatu, mikono yako wewe: mara ngapi ulifika kabla yake. Hiyo safu ndiyo itakuonyesha mengi. Beba daftari hilo ukienda kliniki, mwonyeshe fizio, mpange pamoja. Mpe kitu ambacho mtihani wa mezani hauwezi kumpa. Na mkiwa huko, hakikisha presha imepimwa na dawa hazijaisha, maana kiharusi cha pili hakibishi hodi.

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwa kona yangu na daftari. Mathe mkono wa kulia ulikuwa ndani ya unga mpaka kifundoni. Simu ikalia kwa meza, ni shosho anapiga kutoka Murang'a. Nilianza kuhesabu kimoyomoyo, moja, mbili. Kabla sijafika tatu, mkono wa kushoto ulikuwa umeshachukua simu, kidole gumba kimeteleza mara moja, kikarudi, kikapokea.

Waliongea dakika ishirini. Mimi nilisahau kuweka alama.